Kofia Anayolalia Bwana Afya

Kijiwe chetu ni kiti cha nyuma cha Landrova iliyokwishakufa. Tumekiweka juu ya matofali ya simenti chini ya ukuta wa nyumba yangu hapa Ibra, Omani, na anayeona kinaharibu sura ya mtaa basi aje aniambie, nimekaa. Tunakusanyika baada ya sala ya alasiri, watu watatu, dele moja la kahawa, sahani moja ya tende, na Kiswahili chetu cha Unguja kwa sauti ya kutosha. Thabit tunamwita Kadhi, kwa kuwa hukumu anazo tele na mahkama hana. Ghanim tunamwita Redio, na ukimsikia mara moja hutouliza sababu. Mie Marzouq wananiita Breki, ati kwa kuwa sina. Nimeendesha magari Unguja, nikaja nikaendesha hapa kwenye kampuni ya kuchimba visima, sasa nimestaafu na kazi yangu ni moja tu: namtengenezea kicheche wangu vitu vya kuchezea. Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumatano, mwaka wa themanini na sita, na nilikuwa nasuka ukili wa majani ya mtende mapajani mwangu.

— Breki, huo mkeka? akauliza Kadhi.

— Mpira.

— Mpira wa nani?

— Wa Bwana Afya.

— Lahaula! Mtu na mvi zake, anamsukia mpira panya!

— Panya babu yako. Huyu kicheche.

Na kicheche mwenyewe si wa porini, ni wa kufugwa. Mzungu mmoja mpima visima alimleta kwa ndege ndani ya kizimba, na mkataba wake ulipokwisha akaniachia. Akanambia, Marzouq, mpe nyama, mpe kivuli, mpe na cha kuchezea, asipocheza huyu atakufa. Nikamcheka. Haikupita wiki nikamkuta kalala anatafuna vyuma vya kizimba, hali, hanywi, kanitazama kama mgonjwa anayemtazama daktari. Roho ikaniuma. Nikenda yadi ya kampuni nikaokota kipande cha paipu, nikamwekea chini. Akaingia huku, akatokea kule, akaruka ruka upandeupande huku akikoroma kwa furaha, akaingia tena. Nikajua hapa nimepata kazi.

Tangu hapo sijakaa bure. Kopo la maziwa ya unga nalipiga kingo kwa nyundo hata lisimkate, natia kokwa za tende, nalifunga, analisukuma chumba kizima. Mtungi uliovunjika shingo naujaza mchanga mbichi, anachimba na joto linampungua. Mpira wa tairi simpi, maana ataumeza na tumbo litafunga. Jina tumemwita Bwana Afya kwa sababu, kama wale mabwana afya wetu wa Unguja, hapana chungu asichokitia pua.

— Msukie basi, akasema Kadhi. Lakini shemegi yako anakuja leo. Nimekutana naye msikitini. Anakuja na boksi, amchukue mnyama, kesho ampeleke soko la Sinaw akamuuze pamoja na mbuzi.

— Na aje.

— Breki, Amur mtu wa serikali.

— Mie nimeoa dada yake, sikuoa serikali.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Amur mdogo kwangu kwa miaka kumi! Mkuu wa wapi?

Hapa lazima nikwambieni ugomvi wenyewe, maana mtu akiusikia juujuu atadhani ni wa mnyama. Mke wangu Fakhriya anashona kofia za mkono, za viua, kama walivyoshona mama zetu: kitundu kimoja kimoja, sindano na uzi, miezi. Alimshonea Amur, ndugu yake mdogo, na Amur akaivaa ofisini. Mwenzake mmoja akamtazama kichwani akamuuliza, hii ya Zinjibari? Ndivyo wanavyotuita sisi tuliotoka Unguja. Basi. Ijumaa ile ile Amur akaileta kofia ndani ya mfuko wa nailoni, akamwambia dada yake, "Da Fakhriya, mshono wako unanitangaza." Na kichwani kavaa ya mashine! Nyie mnajua kumrejeshea mtu kofia aliyokushonea kwa mkono wake? Afadhali umtukane, tusi mtu hulisahau.

Fakhriya akaipokea. Kofia akaifungia sandukuni, na sindano akaitia humo humo, na Idi zote mbili zikapita hajaigusa. Nikamletea uzi, nikamletea bafta nyeupe nzuri, akanambia macho yananiuma. Macho yalikuwa hayamuumi hata kidogo.

Sasa Bwana Afya ana tabia ya wizi, haoni kitu laini akakiacha. Siku moja sanduku limesahauliwa wazi, kaingia, kaiburura kofia mpaka nyuma ya kitanda, kajikunja ndani yake kalala, pua tu ndiyo nje. Fakhriya akamkuta. Nikasema leo patawaka. Wallahi yule mwanamke alicheka hata akakaa chini! Kisha akaitoa sindano, akatia vitanzi vinne ukingoni mwa kofia, akamtundikia miguuni mwa kitanda ikawa bembea. Na tangu siku ile anashona. Kamshonea handaki la kitambaa, kamshonea samaki wa bafta kamjaza pamba, na kofia za watu kaanza tena. Kwa hiyo nifahamuni: mnyama akenda, sindano inarudi sandukuni. Na hilo mie silikubali, hata aje na jeshi.

Ila wanawake waliokuja kumwamkia Fakhriya waliiona ile bembea, wakenda kuisimulia soko la wanawake la Jumatano ya wiki iliyotangulia, na jua halijatua Ibra nzima imepata habari: Amur kapata pacha, wanavaa kofia moja.

— Shida yako, akaendelea Kadhi, unamtetea vibaya. Mnyama hatetewi kwa mpira. Mtafutie kazi. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Jembe atalishika na nini?

— Mtie falaji! Maji ya mashamba yamepungua, mfereji umejaa mizizi huko chini. Mfunge kamba kiunoni, aingie, azikate.

— Na akizama?

— Atakuwa kafa kazini.

— Wewe ulikaa ofisi ya forodha miaka mingapi? Mbona hukufa kazini?

Redio alikuwa anamimina kahawa. Akaliweka dele chini, na akiliweka dele chini ujue taarifa ya habari inaanza.

— Nyote hamjui kitu. Mie nimesikia kwa masikio yangu, Wamarekani wanawafundisha samaki pomboo kupeleleza manowari.

— Ee. Na sisi Ibra tuna manowari?

— Nisikilize! Mzungu mpima visima. Kwa nini alete mnyama? Kwa nini amwachie dereva? Kwa sababu dereva anajua njia zote, toka hapa mpaka Nizwa, mpaka Sur. Na yale makopo unayomtilia kokwa, si unayasikia? Ka-ka, kaaa, ka. Hiyo simu ya upepo!

— Redio, simu ya upepo kwa kokwa za tende?

— Ndiyo maana hapana anayeshuku.

— Anapeleka habari gani sasa? Kwamba Kadhi kala tende saba?

— Sita, akasema Kadhi.

— Hata hiyo habari, akasema Redio.

Kadhi akafikiri. Ukimuona Kadhi anafikiri, shika kilemba chako.

— Basi ikiwa ni hivyo, Amur hana haki ya kumuuza. Mali ya dola nyingine hiyo. Itakuwa vita.

— Si vita, ni utajiri! Redio kashapanda. Mnyama anayeingia tundu lolote! Mfunge waya wa umeme mkiani, mwelekeze mlimani. Anatoboa, anatoboa, anatokea Nizwa. Nguzo hazitakiwi tena. Umeme wote chini kwa chini!

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Kadhi. Na kwa nini aishie Nizwa? Muwekee samaki Sur, pwani. Atachimba mpaka baharini. Maji yataingia kwenye tundu, na samaki nao watakuja wenyewe mpaka hapa Ibra, wazima, tunawapokea kwa ndoo!

— Na Bwana Afya?

— Tutamjengea kaburi la heshima.

— Nyamazeni! nikapiga kelele, hata kuku wa jirani akaruka ukutani. Hana kazi! Mnasikia? Hana kazi, na sitaki apate kazi!

Wakanitazama.

— Tangu tushuke nchi hii, kila mlango tunaulizwa. Unajua nini? Utafaa nini? Babu yako alitoka kijiji gani? Mbona Kiarabu chako kimepinda? Na tumejibu. Tumeendesha, tumefundisha, tumeuguza wagonjwa, tumepiga taipu, tumejibu mpaka tumekauka makoo. Basi mtaa huu na awepo mmoja asiyeulizwa. Huyu hafai kitu. Anacheza, anakula, analala. Na mie namsukia mpira, na ukiharibika nitamsukia mwengine.

Redio akaokota dele lake taratibu. Kadhi akakuna ndevu.

— Mcheza kwao hutunzwa, akasema.

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue methali yake ikaangukia mahali pake, na mwenyewe akaonesha wasiwasi, kama aliyejikwaa.

Ndipo tukasikia:

— Shikamooni, wazee.

Mtu mzima, dishdasha mpya ingali na mikunjo ya dukani, viatu vya bara. Akasema jina lake Marhun, kaja wiki hii kutoka Bujumbura, kafikia kwa ami yake nyuma ya ngome.

— Marahaba. Nani kakuelekeza huku?

— Hapana mtu. Nilikuwa nakatiza kule kwenye lami, nikasikia Kiswahili. Nikafuata sauti.

— Karibu, kaa. Redio, mpe kahawa mgeni.

Redio akampa. Akanywa, akarudisha kifinjani, Redio akajaza. Akanywa, akarudisha, Redio akajaza. Hapa kwetu ukitosheka unakitikisa kifinjani kidogo kwa vidole, mwenye dele anajua umeshiba. Yule maskini hakuambiwa na mtu. Akaona kila anachomiminiwa ni heshima, na heshima haikataliwi. Na Redio naye akaona hapa kuna mnywaji wa kweli, hapana haja ya kuuliza.

Kabla sijamwambia, pikapu ya Amur ikasimama.

Akashuka na dishdasha nyeupe pe, kilemba kimefungwa mpaka nyusi, maana tangu mambo ya pacha yaanze kofia havai tena, hata ya mashine. Mkononi boksi la maparachichi lina vitundu ubavuni.

— Salaam aleikum.

— Waaleikum salaam. Karibu, shemegi. Kaa, unywe kahawa.

— Sikuja kukaa.

Alisema kwa Kiarabu. Siku hizi Amur Kiswahili anacho cha kusikia tu. Sisi tunamsemesha huku, yeye anajibu kule, na mie hapa nakupeni maneno yake kwa lugha aliyonyonyeshwa.

— Nimekuja kumchukua mnyama.

— Kalala.

— Marzouq, sina mchezo! Jana mtu kaniuliza mbele ya mkubwa wangu kama nitamleta pacha wangu tuvae kwa zamu, asubuhi yeye, jioni mie!

Redio kahawa ikampitia puani.

— Cheka, Ghanim, akasema Amur. Wewe huna ofisi. Mie nimekaa pale miaka, nimejifunza kusema kama wao, kuvaa kama wao, kucheka wanapocheka. Nilikuwa nimeshasahauliwa. Mmenirejesha nyuma kwa ajili ya panya!

— Kicheche, akasema Kadhi.

— Thabit, nyamaza.

— Mimi nasahihisha tu. Na kisheria, kabla ya yote, itazamwe kama mnyama ni twahara au najisi, kwa sababu...

— Thabit!

— Haya, nimenyamaza. Mwenye nguvu mpishe.

— Kofia ni kitu cha kusalia, Marzouq! Inakuwaje itundikwe kitandani, ilaliwe na mnyama? Mna haya nyie?

Nikataka kumjibu, na nilikuwa nalo jibu, tena la kuchoma. Lakini mlango wangu ukawahi. Fakhriya alikuwa nyuma yake, kaufungua kiasi cha sauti kupita.

— Marzouq! Nani huyo anapiga kelele barazani kwangu? Mwambie Bwana Afya kalala.

Alikuwa anajua vizuri sana ni nani. Amur akatazama chini.

Nikainuka nikaingia ndani, nikaitungua kofia na mwenyewe ndani yake. Kicheche akishalala hata umbebe hajui, utadhani maiti. Nikatoka nikakaa pale pale kitini, kofia mapajani, vitanzi vinne vinaning'inia. Nyeupe, viua vya hariri ya rangi ya kahawa, na ndani yake Bwana Afya kajizungusha, mkia kaulalia.

Amur akaiangalia. Hajaiona tangu siku ile ya mfuko wa nailoni.

— Nipe, akasema.

— Nikupe nini? Mnyama au kofia?

— Vyote viwili.

— Mnyama anataka nyama mbichi, anataka paipu, anataka mtungi wa mchanga, na jioni lazima ulale chini akuruke mgongoni. Utamfanyia?

— Nitamuuza Sinaw.

— Na huyo wa Sinaw atamfanyia?

— Hilo halinihusu.

— Basi hutoki naye hapa. Nimekwambia mbele ya mashahidi. Chukua pikapu yako, chukua kilemba chako, nenda kawaambie ofisini kwamba mume wa dada yako ni mwendawazimu, anasuka mipira. Waambie na jina, Marzouq, wajue wa kumuuliza. Lakini mnyama huyu haondoki.

— Utaona!

— Nimeshaona! Nimeona mke wangu kakaa mikono mitupu mwaka mzima, hilo nimeliona. Wewe ulikuwa wapi?

Amur akanyoosha mkono kwenye kofia. Nami nikaikumbatia. Watu wazima wawili, nakiri, tunavutana kofia yenye kicheche ndani, na kicheche hana habari. Kadhi kasimama katikati anatafuta methali, na Redio, kwa kuchanganyikiwa, anammiminia mgeni. Dele likatoa matone mawili, likatoa pumzi, basi.

— Kahawa imekwisha, akasema Redio.

— Alhamdulillahi! akasema Marhun, kwa moyo wake wote. Jasho lilikuwa linamtiririka. Akaweka kifinjani chini, akajifuta uso, akatutazama mmoja mmoja.

— Sori, wazee wangu. Mie mgeni, msinichukie. Nimesikiliza tangu mwanzo, na mambo mengine nimeelewa. Kitu kimoja tu sijaelewa.

— Uliza, mwanangu, akasema Kadhi.

— Hiyo kofia ni ya nani?



Kadhi akaichukua tende ya saba. Redio hakuwa na taarifa. Mie nilikuwa tayari kusema ya Bwana Afya, jeuri yote ilikuwa hapa kwenye ulimi, ikagoma kutoka, maana nilimuona Fakhriya kwa akili yangu miezi ile yote, kainama kwenye kile kitambaa, na hakuwa akimshonea mnyama. Na Amur? Akisema yangu, tutamuuliza mbona ulirejesha. Akisema si yangu, tutamuuliza na boksi hili la nini. Mkono wake ulikuwa bado umeshika kitanzi kimoja. Akakiachia.

Nilifikiri atakwenda garini. Hakwenda. Aliliweka boksi chini, akakaa kwenye ncha ya kiti chetu, pale springi ilipotokeza, mahali ambapo hakai mtu.  Bwana Afya akapiga miayo bila ya kufumbua macho.

Kisha Amur akasema, na safari hii kwa Kiswahili, kile kile cha Unguja, cha nyumbani kwao:

— Da Fakhriya.

— Naam, mlango ukajibu.

— Kipimo cha kichwa changu unacho bado?

 Sisi sote tukageuka kuutazama mlango, hata mgeni.

— Ninacho.

— Basi nilikuwa nasema... kama utapata nafasi...

— Sina nafasi, akasema Fakhriya. Nina handaki la Bwana Afya sijalimaliza, na samaki wake kamtoa pamba. Ngoja zamu yako, Amur. Nawashonea kwanza wasiorejesha.